Siku Nne Bila Dodoki

Kwa miaka ishirini na sita Grasiana Kaleb alifungua kila siku ya kliniki kwa maneno yale yale. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akawakagua wagonjwa mabenchini, kisha akasema, "Humu ndani kuna daktari, hakuna jembe. Mtu anakuja ameoga, amejisugua, amejipaka mafuta. Sitaki kuona mtu amepauka." Nao watu wa Korogwe na Handeni, ambao hata wasipoambiwa hawaendi mbele ya mtu wa heshima na miguu ya vumbi, walimtii. Walimtii kupita kiasi, na utii huo nusura umnyime mtu mmoja nafasi yake ya kula na ndugu zake.

Grasiana ni Mshambaa wa Lutindi, kule juu, chini kidogo ya misheni ya zamani, ambako asubuhi mtu hamwoni ng'ombe wake kwa ukungu. Aliteremka tambarare akiwa msichana, akapata kazi ya kufagia kwenye kituo kimoja cha afya kando ya mashamba ya mkonge. Cheti hakuwa nacho. Aliyemfundisha kazi alikuwa dresa mzee wa shamba la mkonge, mfunga vidonda wa zamani, mtu wa aina ambayo haizaliwi tena. Dresa yule hakungoja mgonjwa. Alivaa kaptula yake ya kaki, akatundika mfuko wa dawa begani, akatembea kambi kwa kambi. Alikukuta unakata mkonge, jasho linakutoka, akakushika mkono palepale na kupitisha kidole gumba juu ya ngozi kabla hajakuuliza jina. Siku hizi daktari anakaa kwenye kiti kinachozunguka, anatazama kioo, na mgonjwa ndiye anayesafiri kilomita sitini kwenda kutazamwa, amevaa kama mwenda harusi. Haya ndiyo tunayoyaita maendeleo.

Grasiana naye, baada ya kwenda kozi na kuvalishwa sare, akayasahau ya dresa. Akawa mtu wa mlangoni.

Kisha akaja Daktari Julius. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka thelathini na minne, bingwa wa ngozi kutoka hospitali ya rufaa, na kwa miaka miwili alikuja kituoni kila baada ya wiki tatu kutafuta ugonjwa mmoja tu. Ugonjwa huo una jina la Kilatini lenye maneno matatu, pitiriasisi rubra pilarisi, ambalo Grasiana alilikariri akifua nguo mpaka likamtoka kama sala. Huwashika zaidi watu wazima waliokwisha pita arobaini. Ngozi inavimba na kuwaka bila kuwa na kidonda. Unaanzia kichwani, unateremka mabegani, unafika miguuni. Kila kinyweleo kinaota kipele kikavu, mpaka ukipapasa unadhani umeshika mbuzi ya kukunia nazi. Viganja na nyayo vinakuwa vinene, vya njano. Na katikati ya ngozi iliyougua hubaki madoa ya ngozi nzima, kama visiwa. Hauambukizi. Chanzo chake hakijulikani. Ni wa nadra mno, na vitabu vya Julius vilikuwa na picha za Wazungu walioiva kama nyanya. Alichotaka kujua ni unavyoonekana kwenye ngozi nyeusi, ili madaktari wa huku waache kuuita majina mengine.

Katika miaka yote miwili alimpata mgonjwa mmoja, Mwaija, mkulima wa Kerenge. Wengine walioletwa na zahanati za vijijini aliwatazama kwa lenzi yake na kuwarudisha. "Ngozi laini hii, mama," alimwambia Grasiana. "Ni pumu ya ngozi tu. Mpe krimu."

Miongoni mwa waliorudishwa alikuwemo Ukasha, Mzigua wa upande wa Handeni, mkulima wa mahindi wa miaka arobaini na minane. Alikuja mara mbili kutazamwa. Mara ya pili Julius, kwa kusitasita, alimkata kipande cha ngozi begani, kidogo kama punje ya mtama, akakipeleka maabara. Jibu lilikuja mstari mmoja: tabaka la juu la ngozi halipo, haiwezekani kusema lolote. Julius aliamini maabara wamekiharibu, akawaandikia barua kali.

Siku alipolifuata jibu hilo, Ukasha alikaa benchini muda mrefu baada ya wenzake kuondoka.

"Kaka Abdi anasema ni ukoma," alimwambia Grasiana kwa sauti ya chini. "Amenitengea sahani ya bati. Nakula nyuma ya mlango, mtani. Wanangu wananiona. Nikimpelekea karatasi ya daktari yenye jina la ugonjwa wangu, atanirudisha kwenye sinia. Karatasi tu. Jina tu."

Grasiana hakuwa na jina la kumpa. Na utafiti ulikuwa unafika mwisho: Julius angefanya kliniki yake ya mwisho Jumatatu, na jioni yake angefunga sanduku na kuondoka.

Basi Jumatano iliyotangulia Jumatatu hiyo Grasiana alikwenda sokoni Korogwe kutafuta dagaa, akamwona Ukasha nyuma ya Fuso akifungua kamba za magunia ya mahindi. Alitaka kumtania tu.

"We Mzigua! Umetuletea mahindi au umekuja kuroga mji?"

"Mtani!" Ukasha alicheka. "Na wewe, ndizi zimeisha huko kwenu ndiyo mnateremka?"

Lakini alipocheka alificha mikono. Grasiana alikwisha iona. Aliivuta kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Viganja vilikuwa vya njano, vimekakamaa na kupasuka kama ganda la chungwa lililosahauliwa juani. Juu ya vidole kulikuwa na vipele vidogo vikali, mamia kwa mamia, vimepangana. Alipandisha mkono wa shati bila kuomba ruhusa. Ngozi yote ilikuwa nzito, yenye magamba meupe kama majivu, na ndani yake vimesimama visiwa vitatu vya ngozi safi, nyeusi, inayong'aa.

Grasiana aliugeuza mkono ule juani.

"Hii nini?"

"Si hiyo hiyo uliyoiona kliniki."

"Mimi sijaiona hii! Kliniki ulikuwa laini kama mtoto wa siku saba!"

Ukasha alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kliniki nilikuwa nakuja kwa daktari. Ulitaka nije hivi? Si wewe unayesema?" Akaweka mikono kiunoni, akabana pua, akamwiga sauti barabara: "'Mtu anakuja ameoga, amejisugua, amejipaka mafuta!'"

Wapakuzi wa mizigo waliangua kicheko. Grasiana hakucheka.

"Kujisugua vipi? Niambie yote."

"Maryamu anaanza tangu jana yake. Maji ya moto, dodoki, jiwe la miguuni hadi viganjani. Kisha mafuta ya nyonyo, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Mke wangu akinimaliza, hata nzi akitua anateleza."

"Mwaija!" Grasiana alipiga kelele katikati ya soko, watu wakageuka kumtafuta Mwaija. Maana Mwaija wa Kerenge, yule mgonjwa mmoja aliyepatikana, alianguka shambani akaletwa vile vile alivyo, na matope yake na magamba yake, hakuna aliyepata nafasi ya kumwosha! Miaka miwili daktari anatafuta magamba, na miaka miwili yeye Grasiana anasimama mlangoni kuhakikisha hayaingii.

Julius siku hiyo alikuwa amepanda Lutindi na angerudi kesho yake, na Fuso lilikuwa linapiga honi. Wakapatana: kesho Ukasha aje kliniki kama alivyo. Asiguse maji.

"Kama nilivyo," aliapa Ukasha.

Alhamisi saa nne asubuhi aliingia mlangoni anameremeta kama sufuria jipya.

Nyuma yake alikuwa Maryamu, mkewe, mwanamke mfupi mwenye macho makali, ambaye hakungoja kulaumiwa. "Shikamoo, nesi. Najua ulivyosema. Lakini nimtoe mume wangu barabarani na magamba kama kenge? Ndani ya gari watu watamuuliza mke wake yuko wapi. Mimi sijafa!"

Grasiana alikaa chini, akashika kichwa. Julius alikuwa amekwisha elezwa yote tangu asubuhi na alikuwa akizunguka chumba kidogo kama jogoo aliyefungiwa. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Niliwagombeza watu wa maabara bure," alisema. "Mama, kinachotenganisha ugonjwa huu na mingine kiko hapo hapo juu, kwenye magamba, namna yalivyopangana kama ubao wa bao ukiyatazama kwa hadubini. Dodoki limekula ushahidi wote. Viganja niliviona vinene, nikasema ni vya jembe."

"Magamba yanarudi baada ya siku ngapi?"

"Nne. Labda tano."

"Leo Alhamisi. Jumatatu ni siku nne." Grasiana alisimama. "Nina likizo ya siku tisa sijaigusa tangu mwaka juzi. Maryamu, nakuja kulala kwako."

Na hapa inabidi kusema jambo ambalo wajukuu wetu hawalijui. Mshambaa na Mzigua ni watani. Zamani mtani aliingia uani kwako bila hodi, akachukua kuku, akakutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka, na siku ya msiba wako yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe. Siku hizi ukimshika kuku wa mtu unapelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Hata hivyo upande ule wa Handeni bado kulikuwa na makaa chini ya majivu, na Grasiana aliyapuliza.

Jioni ile ile alikuta Maryamu amechemsha maji ya kuoga mumewe. Alinyanyua beseni akayamwaga kwenye migomba.

"Mchawi wa milimani wewe!" Maryamu alifoka.

"Migomba yenu ilikuwa inalia kiu, nyie Wazigua hamjui kulea ndizi. Dodoki liko wapi?"

"Sikuambii."

Alilipata chini ya kitanda, akalitia kwenye mkoba wake. Chupa ya mafuta ya nyonyo aliifungia humo humo. Maryamu alinuna, kisha akaanza kucheka kwa pua, kisha akamletea kiti.

Chakula kilipoiva, sinia la ugali na mlenda liliwekwa katikati ya uwanja. Kaka Abdi, mkubwa wa ukoo, mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye kanzu iliyofubaa, aliketi na watoto wa nyumba wakamzunguka. Ni nyumba chache zilizobaki ambamo watu bado wanakula sinia moja. Kwingine kila mtoto ana sahani yake na uso wake kwenye televisheni. Kwa Abdi sinia lilikuwa ndilo ukoo wenyewe. Ndiyo maana sahani ya bati, iliyowekwa nyuma ya mlango, ilikuwa hukumu nzito kuliko matusi.

Grasiana alikaribishwa kwenye sinia. Alinawa, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akaketi chini karibu na Ukasha, akamega kwenye sahani yake.

Watoto waliacha kutafuna.

"Mshambaa haogopi kufa," Abdi alisema.

"Naogopa, kaka. Nimeshika ngozi za watu miaka ishirini na sita. Ningekuwa nakufa kwa kushika, mngekwisha kula ubwabwa wangu."

"Daktari alimkata, hakusema kitu."

"Hakuona kitu kwa sababu mlimwosha. Jumatatu ataona."

Abdi alirudi kwenye tonge lake. Lakini asubuhi, siku ya Ijumaa, alikuja na hoja kubwa zaidi. Ukasha alikuwa na haki ya kuoga kabla ya kwenda msikitini. Na udhu je, mara tano kwa siku? Mkristo wa Lutindi atamkataza Mwislamu kutawadha?

Ukasha alimtazama Grasiana kwa wasiwasi. Kama kulikuwa na mahali pa kushindwa, palikuwa hapo.

"Kaka Abdi, mimi si wa kufundisha dini ya watu," Grasiana alisema, akichutama ili asisimame juu ya mzee. "Nauliza tu. Udhu unafika wapi?"

"Uso. Mikono mpaka viwiko. Kichwa kinapakwa maji. Miguu mpaka vifundoni."

"Na mgongo?"

"Mgongo haumo."

"Basi atawadhe mara tano, hata mara kumi. Mimi nataka mgongo. Na kuoga kwa Ijumaa, akiwa mgonjwa?"

Mzee alikuna ndevu. Alijua jibu, alikuwa amelifundisha madrasa miaka mingi. "Mgonjwa ana ruhusa," alisema polepole, kama mtu anayetoa kitu mfukoni asichotaka kukitoa. Kisha akaongeza kwa hasira, "Lakini ukinidanganya, Mshambaa, nitakuja Lutindi nichukue ng'ombe."

"Njoo na kamba yako. Za kwetu mtazitafuna kwa njaa."

Abdi alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka kwenye uwanja ule tangu sahani ya bati iwekwe.

Jumamosi asubuhi Grasiana alimvua Ukasha shati juani, akapiga ukelele. Mgongo umeamka na ukungu! Magamba membamba, meupe, yalianza kusimama kati ya mabega. Alipitisha kidole gumba kama dresa alivyokuwa akifanya, akasikia mkwaruzo mdogo chini ya kidole, na mkwaruzo ule ulimpanda mkono mzima mpaka machozi yakamlenga. Jumapili visiwa vilijitokeza. Alivihesabu: kimoja chini ya bega la kushoto kama jani la mkunde, viwili kiunoni. Maryamu, ambaye miezi saba alikuwa akisugua bila kutazama, alisogea akatazama.

"Kumbe kina umbo," alisema kwa mshangao. "Mimi nilidhani ni uchafu unaokataa kutoka."

"Nawashwa, mtani!" Ukasha alilalama. "Nirudishie hata nusu ya dodoki!"

"Vumilia. Wewe kuku wa daktari, unatagia vitabu vyake."

Jumatatu alfajiri ikanyesha. Maryamu alikataa katakata mumewe aonekane ndani ya gari la abiria, kwa hiyo walimwita Sabiri mwenye bodaboda. Wakamketisha Ukasha katikati, Grasiana nyuma yake, na juu yao wakavuta turubai la kuanikia mahindi. Njia nzima Grasiana alilishikilia kwa mikono miwili kama anayefunika moto.

"Mama, sioni mbele!" Sabiri alipiga kelele.

"Tazama barabara! Huyu asilowe!"

"Kwani ni sukari?"

"Ni zaidi ya sukari, kaza mwendo!"

Waliingia kituoni saa tatu, Sabiri na Grasiana wametota na Ukasha mkavu kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Benchi lote liliwatazama. Grasiana alimpitisha mbele ya wote waliooga na kupakwa mafuta, akafunga mlango, akamvua shati.

Julius alivuta taa karibu. Aliinama, akaweka lenzi, akaiondoa, akaiweka. Alipapasa kwa kidole, akapapasa tena. Kisha yule daktari mpole akarusha mikono juu kama mtu aliyefunga bao.

"Ni huu! Mama Grasiana, ni huu wenyewe! Tazama vinyweleo! Tazama visiwa!"

"Nimevihesabu tangu jana."

Alikata vipande viwili, akavitumbukiza kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia, akaandika kwa herufi kubwa: MGONJWA HAJASUGULIWA. Jioni aliondoka na chupa ile mfukoni mwa shati, si kwenye sanduku, akiigusa kila mara.

Zilipita siku kumi na tisa. Ukasha sasa aliruhusiwa kuoga kwa maji ya uvuguvugu na kupakwa mafuta kwa kiganja tu, bila dodoki, na kuwashwa kulipungua nusu. Lakini sahani ya bati ilikaa pale pale, maana Abdi alikuwa mtu wa neno moja: karatasi.

Karatasi ilipofika, Grasiana alimkodi Sabiri, akaingia uwanjani saa saba mchana, chakula kikiwa kinapakuliwa. Hakupiga hodi. Abdi alipokea barua, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaisoma yote mwenyewe. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, na alipofika kwenye maneno matatu ya Kilatini aliyatamka moja moja kama aya.

"Imeandikwa hauambukizi," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Imeandikwa mara nyingi hupoa wenyewe baada ya miaka mitatu hivi, na kuna vidonge."

"Vidonge ninavyo hapa. Na daktari ameongezewa muda. Anarudi mwezi ujao, anataka wote kumi na wanane tuliowarudisha, niwafuate mmoja mmoja makwao. Nianze na nani sijui, miguu inaniwasha!"

Abdi alikunja barua, akaitia kwenye kanzu upande wa moyo. Aliinuka mwenyewe, na goti lake baya, akaenda nyuma ya mlango. Alirudi na sahani ya bati, akaijaza maji kutoka mtungini, akaiweka chini karibu na banda. Kuku walikuja wakanywa.

"Ukasha," aliita, "unangoja tarumbeta? Ugali unapoa."

Ukasha alinawa kwenye beseni la wote. Alisogea kwenye sinia, akachutama, na kwa muda mikono yake ya njano ilibaki magotini. Ndipo Abdi akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akaliweka upande wa nduguye, na papo hapo akamega jingine kutoka tundu lile lile kwa ajili yake.

Maryamu alisimama nyuma yao na mwiko mkononi. "Nesi," alisema, sauti ikikatika, "na dodoki langu?"

"Lipo kituoni. Nimelitundika mlangoni."

"La nini huko?"

"Ili nikilitazama asubuhi ninyamaze," alisema Grasiana, akasogeza watoto wawili, akapata nafasi yake kwenye sinia.